Kiapo Kilichomnyima Mutindi Muthokoi

Mutindi wa Mwala alizaliwa akakuta kiapo kinamngoja. Baba yake na baba yake mkubwa walikuwa wamekosana juu ya mpaka wa shamba, na baba, mtu wa hasira za karibu, akala kiapo cha kithitu, ambacho Wakamba hawakichezei: yeyote wa nyumba yake atakayeonja chakula kwa kaka yake, afe. Wazee wote wawili walishazikwa. Kiapo kikabaki.

Ng'ambo ya ua aliishi Kasiva, binti wa huyo baba mkubwa, rika lake na mwandani wake. Walichota maji pamoja, wakapeana siri zote, lakini chungu cha Kasiva Mutindi alikinusa tu. Hofu ya namna hiyo ni jela, tena isiyohitaji askari.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa injili sokoni Masii, mhubiri alisema Yesu alibeba kila laana msalabani. Mutindi, mama mzima mwenye wajukuu, alilia mpaka leso ikalowa, akaokoka. Alirudi nyumbani akiimba. Lakini Kasiva alipomkaribisha chai, akasema ameshiba. Kuokoka alikuwa ameokoka, ila tumbo lilikuwa bado halijapata habari.

Baada ya mavuno, Kasiva akafanya maombi ya shukrani. Watu wakajaa uani, muthokoi ukaepuliwa, mahindi na mbaazi vimeiva vizuri. Mchungaji akamwomba Mutindi, muumini mchanga, aombee chakula. Alishukuru kwa mvua na kwa mikono ya wapishi, kisha mazoea yakamponza: "Utubariki sisi sote tunaokula." Hapo akagundua amejihesabu mwenyewe kati ya walaji. Watu wakasubiri amina, haikuja. Waliojua habari ile wakafumbua jicho moja. Alijua sasa ni kumwamini Yesu au kumwamini marehemu baba yake.

"Bwana Yesu," akasema hatimaye, "baba yangu alikula kiapo. Mimi niko na wewe, nakula muthokoi. Amina."

Kasiva alimpakulia. Mutindi akatia tonge la kwanza, la pili, na furaha ikampanda hata akacheka na kulia kwa pamoja, mdomo umejaa.

Kesho yake alfajiri akabisha mlango wa Kasiva, mzima wa afya, kuulizia kiporo.