Koti la Safari ya Brazili

Harufu ya sufu iliyolowa theluji hunirudisha Alby, kitongoji chetu cha Uswidi, kwenye ngazi za jengo letu, mwaka ule wa themanini na kitu tulioagwa tusiondoke. Baba alikuwa mchoraji wa ramani za mabomba katika kampuni iliyopewa kazi ya kubuni mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Brazili, nasi tulikuwa tuhamie huko hadi mtambo uwake. Nilimsumbua kwa maswali: nchi yenye mito mikubwa namna ile inachoma mawe ya nini? "Kamuulize Mbrazili," alinijibu. Mama hakuuliza. Kwao Tanga anayehama hugawa, kwa hiyo kabla kiangazi hakijaisha makoti yetu yote ya baridi, langu jekundu likiwemo, yalikwenda kwa Mama Nakato, aliyetoka Uganda majuzi na watoto wasio hata na soksi nzito. Waswahili wa Alby na wa Fittja jirani wakatuaga kwa pilau, dua, vitenge na blanketi zito lisilo na kazi Brazili.

Majani yalipoanza kupukutika, Baba alirudi kazini mapema, akavua viatu, akasema mradi umeachwa. Msingi ulikwisha kuchimbwa. Wabrazili wenyewe wamebadili nia. Jirani yetu Mkenya alimkuta Mama ngazini. "Shemeji, mmerudi lini kutoka Brazili? Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Tumekwenda na kurudi," Mama alimwambia. "Wewe ulikuwa umelala."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Mama Nakato alibisha hodi, koti langu jekundu mkononi. "Dada, chukua. Mtoto ataumwa." Nilikwisha kunyoosha mkono. Mama akaushusha, polepole. "Nilimpa Nakato, sikumwazima." Alipofunga mlango nililia kwa hasira. Yeye alitandaza lile blanketi sakafuni, akalikata, akalifunika kwa vitenge vya kuagwa, akaketi kwenye cherehani bila kuinua kichwa. Jumatatu nilikwenda shule na koti lenye ndege wa manjano, nene kama godoro.

"Umevaa kitanda?" mvulana mmoja aliniuliza kwa Kiswidi.

"Ndiyo," nilisema. "Kina joto." Na kweli kilikuwa nalo. Nakato, ndani ya koti langu jekundu, aliniangalia muda mrefu, kisha akaomba tubadilishane, mapumziko yale tu. Nilikataa.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na nafurahi kwamba mtambo ule haukuwaka. Kuna watu kule wanaovuta hewa safi bila kujua walichoepuka. Baba hakubaliani nami hadi leo, anasema mabomba yake yalikuwa mazuri. Methali ya jirani nayo siiamini: angeshikilia mbacha wake, yeye mwenyewe asingefika Alby. Kabatini nina makoti matatu ya dukani, mepesi, ya bei. Nakato akija leo kuomba tubadilishane, hakuna hata moja ambalo ningemnyima.