Koti la Babu

Jamani, nichekeni tu! Jumamosi tulipeleka mahari Tala kwa kina Mwende, mchumba wangu. Nikabeba picha ya babu, iliyopigwa studio moja ya zamani pale Machakos mjini. Koti refu, saa mkononi, redio mezani! Nikasimama mbele ya wakwe nikatangaza, "Sisi utajiri hatukuanza jana!" Wajomba zangu wakapiga makofi.

Susu, nyanya yake Mwende, akauliza, "Hilo koti liko wapi siku hizi, kijana wangu?"

"Tumelitunza nyumbani, susu."

Akaingia chumbani, akatoka na picha ya marehemu mumewe. Redio ile ile. Saa ile ile. Koti lile lile, hata kifungo kilichokatika.

"Kumbe ni nyinyi!" akasema. "Mwenye studio alilitafuta mpaka akafa."