Ulimbo kwenye Kibao cha Mama

Masika yalipoingia Mpanda, ukumbi wa parokia ulinuka magunia mabichi na nguo zilizokaukia mwilini. Humo ndimo mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alimowafunga wanaume wa mtaa wa Kawajense katika mpira wa meza, mmoja baada ya mwingine, kanga ikiwa imekazwa kiunoni. Baba, karani wa stesheni, hakujua hata kurudisha kipira, basi akajiteua mtunza kibao cha mama cha kupigia. Majirani walinong'ona kwamba mchagua jembe si mkulima. Hakuwajali.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya sabini, unyevu ulizidi. Ubao wa kibao ulivimba, na raba iliyoufunika ikaanza kubanduka pembeni kama gamba la kidonda. Baba akakiweka kibao uchagani, juu ya moto wa jikoni, kati ya samaki aina ya mgebuka. Kilikauka kweli, kikanuka mgebuka, na raba yote ikadondokea kwenye sufuria ya maharage. Mama hakuwapo. Baba akaigandisha kwa ulimbo, ule utomvu tuliotegea ndege, tena akaupaka bila uchoyo, akatuonya mimi na dada yangu Agnesi tusiseme neno.

Jumatatu ya Pasaka mama alicheza na dereva wa treni kutoka Tabora. Asubuhi kulikuwa na ubaridi, mama akaongoza. Jua lilipotoka na mabati ya paa kupata moto, ulimbo ukalainika, ukavuja hadi usoni mwa raba. Dereva akapiga, mama akapokea, kipira kikabaki pale pale kwenye kibao. Katekista, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, alikitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hiyo ni pointi, na ni ya nani. Baba akajibu kutoka benchini kwamba huo ni ufundi.

“Baba Agnesi,” mama alisema kwa upole uliotutisha, “njoo ukibandue mwenyewe.”

Alipovuta, kipira kilikuja pamoja na raba. Mama akamalizia kwa ubao mtupu, akafungwa, ingawa kidogo tu. Njiani baba aliomba ambebee kibao; akapewa mwavuli. Kesho yake mama aliirudishia raba kwa solusheni ya pancha, akaikandamiza kwa jiwe la kusagia, kisha akakifungia kibao kwenye kopo la biskuti. Jioni moja, akipakua ugali, akaanza kucheka, akashindwa kuacha.

Siku hizi binti yangu naye hucheza. Kibao chake kina mfuko wa zipu na sponji yake ya kufutia, na masika hayakigusi. Mumewe hajui hata kinawekwa wapi. Pengine ndiyo maana kimedumu. Nami nikiwatazama, sijui niwapongeze au niwaonee huruma kwa kukosa kicheko kama kile cha mama.