Samaki Mkubwa Tutamwachia

Mwaka waliponipunguza kazi kiwandani Nyakato nilidhani najua kuchoka. Sikujua kitu. Uchovu wa kusimama mbele ya mashine ya nyuzi unakwisha ukilala. Ule wa kuamka huna pa kwenda, mtaa mzima unakuangalia, huo hauna usingizi unaouweza. Barua ilisema sisi ni wafanyakazi wa ziada. Tulikuwa tumekula vumbi la pamba mpaka makohozi yakawa meupe, kumbe muda wote huo tulikuwa wa ziada.

Baada ya kuhangaika sana nikapata kibarua cha kuendesha boti. Mwenye boti alikuwa na duka la vipuri Mkuyuni, na kama wengi miaka ile ya soko huria, alikuwa anajaribu kila kilichopita mbele yake: mitumba, mashine ya kusaga, na sasa wageni. Walikuwa wameanza kuja Wazungu na fimbo zao, wavue sangara kwa kujifurahisha. Mimi nilizaliwa ufukweni na injini ya boti naijua, nikaambiwa nianze kesho yake.

Mgeni ninayetaka kumsimulia alikuwa mzee mrefu, pua imeungua jua. Alikuwa mtu mpole, na nalisema hilo mapema ili hasira zangu zisije zikamgeuza kuwa mtu mbaya. Fimbo yake ilikuwa nyepesi kama bua la mtama, mshipi wake wa njano, na alikuwa na visanduku vya ndoano zilizofungwa manyoya ya ndege. Alinieleza kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni kwamba starehe yake ni kwenda kwenye visiwa vya maji chumvi, asimame maji yakimfika magotini, amwone samaki mkubwa kwa macho kisha amrushie manyoya yake. Sasa alitaka kufanya vivyo hivyo ziwani kwetu, kwenye maji mafupi kandokando ya miamba.

Kwa hiyo nilikuwa nazima injini mbali, nasukuma boti kwa upondo ili samaki wasishtuke. Yeye anasimama mbele, anarusha mshipi nyuma, mbele, nyuma, mbele, utadhani anachapa ng'ombe asiyeonekana. Kutwa nzima. Nguo zinakauka mwilini, zinalowa tena, mabega yanawaka moto, na samaki hakuna. Wavuvi wa nyavu walikuwa wakitupita wanacheka. Mmoja alipaza sauti, "Kaka, huyo mgeni wako anafukuza mbu?" Nikazidi kuusukuma upondo.

Nyumbani Buswelu nilikuwa nauguza mama. Tumbo lake lilikuwa limekataa chakula. Nilikuwa nimempeleka hospitali, akawekewa dripu, nikamrudisha. Nikampeleka kwa mganga wa mitishamba, nikamrudisha. Nikampeleka hospitali tena. Kila safari nilimbeba mwenyewe mgongoni mpaka barabarani, na kila safari alikuwa mwepesi zaidi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mama hafi, basi. Mke wangu aliponiambia mama amechoka kuhamishwahamishwa, nilimfokea.

Alichoweza kumeza ni uji tu. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa akikitaja: sangara mwenye nyama. Wasiokuwepo Mwanza miaka ile wataona ajabu, watu wanaoishi kando ya ziwa kutamani samaki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, malori yalikuwa yanamsubiri sangara ufukweni, nyama yake inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tulibakiziwa mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia, yanakaangwa na kuuzwa kando ya njia. Mtu wa mshahara wangu hakuweza kugombea sangara mzima na malori. Na mama ndiye aliyemkataa samaki yule alipoingia ziwani, akisema ana mafuta mno na amewamaliza furu, wale samaki wetu wadogo wa asili. "Tulipoanza kumpenda," alikuwa akisema, "wakaja kumchukua."

Siku moja, tumepumzika kwenye kivuli cha mwamba, mgeni aliniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia, polepole ili anielewe, kwamba mama yangu anaumwa na anatamani sana kula sangara. Alinisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu akarudi kusimama mbele, akanyoosha mkono kuelekea majini, akasema, "Kesho samaki mkubwa. Tutamwachia."

Tutamwachia! Nilikaribia kudondosha upondo. Nani asingeelewa nilivyoelewa mimi? Nimetoka kumtaja mama, mtu anasema samaki mkubwa tutamwachia. Jioni ile nilipanda mlima wa Buswelu nikiimba, mimi ambaye nilikuwa nimesahau kuimba.

"Shikamoo mama. Kesho nakuletea sangara mzima."

"Marahaba baba. Mwenye tumbo lake?"

"Mwenye tumbo lake, na kichwa chake, na mafuta yake."

Akaomba akalishwe kitako. Akamtuma mke wangu kuazima sufuria kubwa kwa jirani, akaagiza wanawake wa jumuiya yake waje wale naye. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akitoa amri. Nilijua kabisa kwamba akila, atapona.

Na kesho yake samaki akaja. Manyoya yalikuwa yamezama kidogo pembeni ya mwamba, maji yakafumuka, mshipi wa njano ukaondoka ukilia. Alitukokota huku na huku mpaka mgeni akawa anahema kwa mdomo. Tulipomvuta ubavuni mwa boti, nilimwona: mnene, macho ya dhahabu, ukimsimamisha ananifika kifuani. Mgeni akashuka kwenye maji mafupi, nikashuka nami. Akanipiga picha nimemkumbatia samaki, nikampiga yeye. Kisha nikachukua rungu langu na gunia nililokuja nalo.

"Hapana, hapana!" akasema. "Tunamwachia!"

"Ndiyo bwana, tunamwachia. Mama."

Uso wake ukang'aa. Akaweka kiganja juu ya tumbo la samaki. "Ndiyo, rafiki! Mama! Wakubwa wote mama. Mayai mengi."

Tulikuwa tumeelewana vizuri ajabu. Akanionyesha nimshike samaki kwenye mdomo wa chini, yeye akamshika mkia, tukawa tunampeleka mbele na nyuma ndani ya maji, taratibu, matamvua yakifunguka na kufungika. Nikadhani ni namna yao ya kumwosha. Nilihisi nguvu zikimrudia, kwanza kama mtetemo mdogo, halafu akaanza kunivuta mkono. Mgeni akasema, "Sasa anataka." Akakishika kiganja changu, akanifungua vidole, kimoja kimoja.

Samaki hakukurupuka. Alikaa kidogo palepale kati ya miguu yetu, kisha akaenda.

Mgeni alinipiga bega machozi yakimlengalenga. Mimi nilitamani kumsukuma majini na buti zake. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia kile alichodhani ameshaniambia jana: samaki mkubwa haliwi, samaki mkubwa anaachiwa. Sikumweleza kitu. Ningeanzia wapi? Nilichukua upondo wangu nikamsukuma mpaka kambini kwake, na naomba mniamini, sijawahi kuchoka vile, si kiwandani, si popote.

Nilipanda mlima na mapanki kwenye mfuko wa nailoni. Sufuria la jirani lilikuwa jikoni maji yanachemka, wanawake wamekaa kwenye mikeka, mama ameegemezwa ukutani, amefungwa kitambaa kisafi kichwani. Wote wakautazama mfuko. Nikawaeleza kama ilivyokuwa, sikuficha, mpaka pale pa mama na mayai. Mwanamke mmoja akasonya. Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, tukamshika.

"Kwa hiyo mama aliyeachiwa ni mwenzangu," alisema.

"Nisamehe mama."

"Mlimfanyaje vile? Rudia."

Nikarudia: mdomo, mkia, mbele, nyuma, mpaka apate nguvu za kwenda. "Na alipokwenda hakugeuka?" Nikasema hakugeuka. Akaridhika na jibu hilo kuliko nilivyotegemea. Wanawake wakayatia mapanki kwenye sufuria, wakala na ugali. Mama alifyonza jicho moja, akarudi kulala.

Hakupona. Nilijipanga kumpeleka hospitali tena, nikapata hadi mtu mwenye gari. Asubuhi hiyo niliinama kumbeba, akanizuia kwa kiganja kifuani. Kiganja chenyewe hakikuwa na uzito wa kumzuia mtoto.

"Baba, siendi."

"Mama, madaktari wamesema..."

"Yule mwenzangu ulimshika namna gani?"

Mke wangu, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyeanza kulia.

"Nishike hivyohivyo," mama alisema. "Usinitoe tena kwenye maji. Nikitaka kwenda, uniachie."

Nilitoka nje nikamwambia mwenye gari arudi zake. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na kiwanda, na malori, na mgeni ambaye wakati ule labda alikuwa kwao akiitazama picha yangu na samaki wangu. Hasira ilipoisha nikabaki na ule uchovu tu, nikaingia ndani, nikakaa kitandani.

Nilimshika mkono siku zile zote, tukimgeuza upande huu na upande ule, taratibu, mke wangu akimlowesha midomo. Alikwenda asubuhi, jogoo wa jirani akiwika. Nilihisi mkono wake ukinivuta kidogo, kidogo sana, na safari hii vidole nilivifungua mwenyewe.