Mwalimu wa Udereva Anayefundisha Miguu Ikiwa Kitini

Saa moja na nusu asubuhi, gari dogo jeupe la kujifunzia limesimama juu ya mteremko, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kwenye kiti cha abiria mwalimu anavua viatu, anavisukuma pembeni, kisha anakunja miguu yote miwili kitini kama mtu anayesubiri chai.

"Haya dada, teremsha," anasema. "Breki ya upande wangu leo haina mwenyewe."

Aliyeshika usukani ni mkunga wa zahanati, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Anacheka, lakini ni kicheko cha woga. Saa tatu ana mtihani wa leseni, na ni wa nne. Mitatu ya mwanzo alifeli. Zahanati imepata gari la kuwafuata wajawazito majumbani, na mkuu wake amemwambia kazi hiyo ni yake akileta leseni kabla ya mwisho wa mwezi. Asipoleta, atapewa mwingine. Leo ni tarehe ishirini na tisa.

Gari linateremka, linapunguza mwendo, linasimama hatua moja kabla ya koni ya plastiki ya mazoezi.

"Nani kasimamisha?" mwalimu anauliza.

"Mimi."

"Sijasikia."

"Mimi, jamani! Mimi!"

Mwalimu anapiga makofi mpaka mlinzi wa kiwanda anachungulia getini.

Wanafunzi wake wamembandika jina la Miguu Juu. Ana miaka kumi na saba kwenye kazi hii, na zaidi ya watu mia nane wamepita mikononi mwake. Ameajiriwa na shule ya udereva inayomlipa kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo mvua zikianza na wanafunzi wakipungua, na chunguni nako hupungua. Hata hivyo, ukisikia mtu analalamika kwenye gari hilo, ujue si yeye.

Mtindo wa kukunja miguu ulitokana na kosa lake mwenyewe, wala halifichi. Gari la kujifunzia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu. Mazoezini mkunga alikuwa anasimamisha gari vizuri kabisa. Kwenye mtihani anapitiliza. Mara ya tatu, mtahini ndiye aliyewahi kukanyaga breki yake, watu wakiwa tayari wamekanyaga kivuko.

"Alirudi analia, akaniuliza kama gari la mtihani lina breki ngumu," mwalimu anasimulia. "Nikamwambia apunguze wasiwasi. Maneno matupu!"

Wiki hiyohiyo alipeleka viatu kwa fundi. Fundi akakigeuza cha kulia: soli imelika yote upande wa vidole, wakati cha kushoto ni kizima. Akamuuliza, "Mama, mguu huu unagombana na nani?"

"Niliketi palepale kwenye benchi lake," anasema. "Kumbe miaka yote nakanyaga kabla yao. Kidogo tu, mguu unajiendea wenyewe. Gari likisimama namsifia mtu kazi niliyofanya mimi. Na moyoni mwake anajua hajafanya kitu. Sasa atajiamini vipi?"

Kesho yake alimwomba mkunga msamaha, akavua viatu. Siku hiyo waliangusha koni kumi na moja. Wiki ya pili zikawa tatu. Siku ambayo hazikuanguka kabisa, mkunga alishuka garini akaikumbatia koni ya mwisho.

Binti wa mwalimu, anayesoma saikolojia chuoni, ndiye aliyemwambia kwamba mambo hayo yameandikwa vitabuni. Alikuwa anasoma kwa sauti mezani huku mama yake akichambua mboga. Wapo wataalamu, alisoma, wanaosema kila mtu ana hamu ya kukua, na hukua vizuri anapokubaliwa alivyo. Wengine wanasema tabia zetu hujengwa pia kwa kuwatazama wenzetu, na kwa imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza.

"Nikamuuliza, hao wataalamu wamewahi kukaa kwenye gari langu?" Miguu Juu anasema huku akicheka. "Maana mimi simgombezi mtu. Kosa ni la mguu, si la mwenye mguu. Na anayejifunza simwonyeshi dereva hodari, atasema yule kazaliwa hivyo. Namkalisha kiti cha nyuma amwone mwenzake anazima gari mara tano, ya sita linaondoka. Hapo anasema, kumbe!"

Saa tatu imefika. Mkunga ameondoka na mtahini, na mwalimu amebaki kwenye uzio wa uwanja wa mitihani. Kando yake yupo mpishi wa shule aliyefeli mara mbili na kukata tamaa. Mwalimu ndiye aliyemburuta aje kutazama.

Gari linakaribia kivuko. Mguu wa kulia wa mwalimu unakandamiza mchanga wenyewe. Ng'ambo ya uwanja, gari linapunguza mwendo, linasimama taratibu, na mzee mwenye mkoba anavuka bila haraka.

"Hapo sikuwepo mimi," mwalimu anasema, macho yamemjaa machozi. "Mmeona? Sikuwepo kabisa!"

Dakika kumi baadaye mkunga anakuja mbio, karatasi juu, kiatu kimoja kilichomvuka kikiwa mkononi. Amefaulu. Wanawake hao wawili wanakumbatiana na kurukaruka mpaka mtahini anajifanya anatafuta kalamu.

Mpango wa Miguu Juu sasa ni kuanzisha darasa la Jumamosi la waliofeli tu, na mkunga ameshakubali kuendesha huku wao wamekaa nyuma wanatazama. Mwenye shule ya udereva bado hajakubali.

Mpishi anauachia uzio. Mwishowe anamsogelea mkunga.

"Dada, samahani. Wewe ulifeli mara ngapi vile?"

"Tatu, mdogo wangu."

Mpishi anahesabu kwa vidole vyake, uso unamchanua.

"Basi mimi bado nina moja," anasema, na kuuliza Jumamosi wataanza saa ngapi.