Jiko Lisilo Kwenye Ramani

Mnunuzi wa tatu alikuja nyumbani kwetu Bawshar na futi ya kupimia mfukoni. Wawili wa mwanzo walisifu marumaru, wakaondoka. Huyu alipima ua kutoka ukuta wa jirani hadi jiko la nje, akaandika kitu kwenye simu, kisha akapima tena.

Jiko lile nililijenga mimi. Mama hakutaka harufu ya samaki wa kukaanga ndani ya nyumba, nami nilijifunza mwenyewe kupanga matofali na kumwaga zege. Kibali cha baladia, yaani manispaa, sikuomba, kwa kuwa nilijua limekaribia mno ukuta wa jirani, wasingekitoa. Kwenye ramani niliyompa mnunuzi, jiko halimo. Nilitumaini hataifungua.

Ilikuwa lazima tuuze. Mama hawezi tena ngazi, na mwenye nyumba isiyo na ngazi tuliyoipata alikubali kutungoja hadi mwisho wa mwezi tu.

Nilimkaribisha mgeni barazani, nikammiminia kahawa. Alipokea kikombe, akakiweka chini, asikiguse tena. Nikamsogezea tende, akatikisa kichwa. Nikaanza kupima sababu moja moja: ametumwa na baladia, anatafuta njia ya kushusha bei, au anaona kinyaa kula kwetu. Nikasingizia naenda kuongeza kahawa, nikaingia ndani.

"Hanywi," nilimwambia Mama.

"Kakiweka chini?"

"Kakiweka chini."

"Mwanangu wee! Vitabu vyote hivyo, na hili hulijui? Nimemwona dirishani, mtu wa milimani: kwao mgeni akiwa na haja hanywi mpaka asikilizwe. Mie nilifunzwa na bibi yako, mama wa baba yako, nilipotoka Unguja kuja huku. Hebu kamuulize, nnakwambia, kabla haijapoa!"

Nikarudi, nikamuuliza kwa Kiarabu ana haja gani. Alijibu mara moja.

"Jiko la nje halimo kwenye ramani. Livunje kabla ya kuhamisha hati. Nikilipokea hivyo lilivyo, kosa litakuwa langu."

Nilifikiri haraka. Nikilivunja, naye akabadili nia, nitabaki na kifusi uani, bila mnunuzi, na ile nyumba nyingine itachukuliwa.

"Nitalivunja," nikasema, "lakini kwanza tuandikiane kwamba likishavunjwa, unanunua."

"Nawe uandike kwamba hakuna jingine ulilolificha."

"Hakuna."

"Basi andika."

Akanywa kahawa yote, akatikisa kikombe kuonyesha imetosha. Kesho yake tuliandikiana kwa dalali, mtaa wa Ruwi. Nilisoma kila mstari mara tatu. Naye alisoma nilipomaliza, kana kwamba ningeweza kubadili maneno kwa kuyatazama.

Siku ya kuvunja alisimama uani tangu tofali la kwanza hadi gari la kifusi lilipoondoka. Mama alikuwa amehamisha sufuria zake mapema, akafunga dirisha la upande ule.

Kisha mnunuzi akataka kuona paa. Nilipanda naye. Nyuma ya tangi la maji palikuwa na ufa niliouziba mwaka uliopita, hauonekani mpaka uiname. Nilijua huyu atainama tu; nikainama mimi kwanza, nikamwonyesha.

"Mbona huu hukuuandika?"

"Nilisahau."

Akatoa futi, akaupima ufa. "Uandike."

Nikashuka kuchukua mkataba na kalamu. Niliuandika ufa, mahali ulipo na urefu wake. Akatia saini chini yake, na asubuhi iliyofuata tukaenda kuhamisha hati.