Siku Niliyoandika Kwamba Mzee Amenyonyesha

Afadhali mlisikie kwangu, maana wale niliofanya nao kazi wakianza kusimulia huniigiza mpaka sura: ni mimi, nesi mzima, niliyeandika kwenye kompyuta ya hospitali kwamba mzee wa miaka sabini na kitu amenyonyesha vizuri.

Kompyuta zilipoingia wodini hapa Sydney, makaratasi yakaondolewa, na mimi mwenye kuchapa kwa kidole kimoja (kama kuku anayedonoa) nikawa zamu inaisha, wenzangu wanavaa makoti, bado naandika habari za wagonjwa. Wakati huo nilikuwa wodi ya kina mama waliojifungua. Nesi mwenzangu mmoja, Mfilipino, akanihurumia, akanionyesha njia ya mkato: unachapa herufi mbili tu, kompyuta yenyewe inakuandikia sentensi nzima. Aki nilifurahi! Nikaandika "nv", herufi za Kiswahili changu, kompyuta ikaandika kwa Kiingereza "amenyonyesha vizuri, matiti yote mawili", na kwa mara ya kwanza nikawa nafika nyumbani Merrylands kabla watoto hawajala.

Kisha nikahamishiwa wodi ya waliopata kiharusi. Huko nikajitengenezea "mv", yaani "amemeza chakula vizuri", na zile za zamani sikuzifuta (nilijiambia, zitamdhuru nani?). Sasa angalieni M na N zinavyokaa jirani kwenye kompyuta.

Kulikuwa na Mzee Bahati, Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa akiishi Doonside na bintiye Furaha. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na uchangamfu wote. Alikuwa akikaa ameangalia dirisha tu. Siku hiyo tuliitwa kikao cha kuamua kama atarudi kwa Furaha au atapelekwa makao ya wazee. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani, sauti juu, Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Daktari akaanza kusoma maelezo yangu mbiombio, siku baada ya siku "amemeza chakula vizuri", kama mtu anayewahi kikao kingine.

"Daktari anasema," mkalimani akatangaza, "Jumanne mgonjwa alinyonyesha vizuri, matiti yote mawili." Kisha upesi: "Samahani, naomba daktari arudie."

Na daktari, jamani, akarudia! Akafika katikati akainua macho, akanitazama. Masikio yangu yakawaka moto.

Mzee Bahati akainamisha kichwa, akakagua kifua chake taratibu, upande huu, upande ule. "Sasa mutoto yangu iko wapi?" akauliza.

Akacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, ile iliyobaki inamtii, mpaka machozi yakamtoka, na Furaha akaziba mdomo kwa mikono miwili kwa sababu kicheko hicho hakuwa amekisikia tangu baba yake aanguke. Hata kwenye simu mtu alikuwa anakohoa kuficha.

Halafu Furaha akaacha kucheka. "Dada, kama ile ni bongo, ni uongo, na ile ya kumeza? Nikimupeleka papa ku nyumba, chakula kimukabe?"

Nilitaka kuisingizia kompyuta, nawaambia ukweli. Lakini alivyonitazama! Nikamwambia, "Nimekosea kuchapa, dada. Uji mzito anameza, ukimpa kijiko kidogo na ukimngoja. Lakini Jumanne chai nyepesi ilimpalia, nikamsaidia mpaka akatulia, na sikuiandika, kwa sababu sikuwa na herufi zake." Niliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu ndipo nilipoona aibu yenyewe. Lile la kunyonyesha lilikuwa mchezo tu.

Daktari hakunigombeza. Aliahirisha uamuzi mpaka mtaalamu wa kumeza amwangalie mzee akila, na Furaha akawa anakuja kila adhuhuri, tunafundishana: kidevu chini, kijiko kidogo, chai iongezwe unga wa kuifanya nzito. Mzee alinung'unika kwamba hiyo si chai, ni gundi. Lakini alikunywa, na mwisho akaenda Doonside, mkono wake mzima umeshika bega la bintiye.

Njia za mkato bado nazitumia, sijawa malaika. Ila sibonyezi tena kabla sijasoma, na kabla ya kusoma namtazama kwanza mgonjwa usoni, nijiulize ni kipi cha leo ambacho herufi zangu hazikijui. Hicho nakichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, na treni ikiniacha nitapanda inayofuata.